Mtandao wetu wa mazingira ulivyokua kwa kufuata reli

Watu wananiuliza sana huu mtandao wa taifa tuliuanzaje, wengi wanadhani kuna mfadhili alikuja na gari akatuitia semina, wakati sisi tulianza kwa ugomvi na kijiji jirani.

Mi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Uvinza, Kigoma. Msitu wetu tuliutenga kwa kufuata Sheria ya Misitu ya 2002, mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha sheria ndogo, halmashauri wakaidhinisha, tukaanza doria na wapasua mbao wakaondoka, tukashangilia kweli. Miezi kama mitatu hivi mwenzangu wa kijiji cha pili akanipigia kwa hasira, "Katibu, mmetuletea watu wenu!" Kumbe wale wale walivuka korongo tu wakahamia kwake wanaangusha mininga, miti ya mbao za thamani. Iliniuma sana, yaani tulikuwa tumehamisha tatizo tukajisifu.

Na kiukweli msitu hauna habari na mpaka wa kijiji. Sokwe wa huku Masito-Ugalla wanaishi kwenye misitu mikavu ya miombo, chakula kiko mbalimbali, kundi moja linazunguka eneo kubwa mno na kila jioni wanatengeneza viota vipya, leo wako kwetu kesho kwa jirani. Mto Malagarasi nao hivyo hivyo, lile eneo la Malagarasi-Muyovozi ndo lilikuwa la kwanza Tanzania kuingia Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, ila huko juu wakiharibu, anayelia ni mvuvi wa Ilagala.

Basi tukaanza kutembeleana. Gari hatuna, tukapanda treni, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo mpaka Tabora, kila stesheni tukapata mwenyeji. Tulikubaliana mgeni analala kwa mwanakamati, gesti hamna, posho hamna. Wengine walijitoa hapohapo, na naona ilitusaidia kuliko kitu chochote.

Kikao ambacho sitakisahau ni cha Kaliua chini ya mwembe. Mama mmoja mfuga nyuki alichota jivu akachora chini msitu wao, mto, sehemu zenye mizinga, halafu akaweka punje za mahindi kuonyesha maji yalipo. Kuna mzee mfugaji tulimwita makusudi, maana vikao vingi wafugaji wanasemwa wakiwa hawapo, akainama akasogeza punje mbili taratibu, akasema "Mama, hapa kiangazi maji hamna, ng'ombe wanapita huku", na huku kwenyewe ni katikati ya mizinga ya yule mama! Kimya. Kisha mama akafuta kidogo kwa kiganja akachora upya, wakaanza kupanga njia ya mifugo wao wawili mpaka giza linaingia, mi naandika tu. Tukaipiga picha ile ramani kwa simu, na ndo hiyo vijiji viwili vikaipitisha kwenye mikutano yao.

Baada ya hapo Katavi wakajiunga, Lindi wakaja na uzoefu wao wa kuvuna mbao za msitu wa kijiji kwa utaratibu. Wengine waliuliza kwa nini tusiingie tu MJUMITA, ule mtandao wa jamii zinazosimamia misitu Tanzania, na wao tumejifunza kwao mengi, ila sisi tulitaka mfugaji, mvuvi, mkulima na mrina asali wakae meza moja, siyo misitu peke yake. Katiba ya kwanza ilikuwa ndefu hakuna aliyeisoma, tukaikata ikabaki kurasa nne, tukaisoma kwa sauti kila kanda. Usajili ulituzungusha, karatasi zikapotea mara mbili kwenye ofisi moja, tukapeleka tena.

Juzi saa tano usiku nikatumiwa ujumbe kutoka Nguruka kwenye grupu, lori la magogo limetoka linaelekea Kaliua. Hata sijamaliza kusoma yule mzee mfugaji ameshajibu, "Vijana wapo barabarani."