Mbunge tunamshtaki, rais hatugusi

Hivi mnajua hapa hapa Arusha, pale Dodoma Road kwenye majengo ya TANAPA, kuna mahakama ilishasema Katiba yetu imekosea kwenye kura za urais? Ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Julai 2020, kesi ya wakili Jebra Kambole. Alikuwa analalamikia ibara ya 41(7), ile inayosema tume ya uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa rais basi, hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake. Kambole akashinda, serikali ikaambiwa irekebishe, na ibara bado ipo vilevile.

Ila mbunge tunampeleka kortini freshi tu. Si mnakumbuka ya Godbless Lema, mbunge wetu wa Arusha Mjini, Aprili 2012 Mahakama Kuu hapa mjini ikamvua ubunge kisa maneno ya kwenye kampeni, Desemba hiyo hiyo Mahakama ya Rufani ikamrudishia, ikasema waliofungua kesi hawakuwa hata na haki ya kuifungua. Mji ulichangamka weee lakini maisha yakaendelea, sasa kiti cha Ikulu kina nini hasa?

Kuna jamaa yangu anasema basi ugomvi wa kura za urais bora waamue wabunge. Aah wapi. Wamarekani walijaribu, uchaguzi wa 1876 kura 20 za wajumbe (wao ndio humchagua rais kwa niaba ya majimbo) ziligombaniwa, wakaunda tume ya watu 15, wabunge 5, maseneta 5, majaji 5, na kila mtu akafuata chama chake, 8 kwa 7, mgombea Hayes akapita kwa 185 dhidi ya 184 za mpinzani wake Tilden. Hadi majaji walivaa jezi! Sasa hilo lilete Dodoma uone, jibu utalijua kabla hawajakaa.

Wakenya hapo ng'ambo ya Namanga wamejitahidi, siku 7 za kufungua kesi, 14 za kuamua, na 2017 majaji wanne kwa wawili wakafuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Ila siku 14 jamani ni chache mno, mahakama iliamuru seva za tume zikaguliwe na tume ikazungusha mpaka muda ukaisha. Malawi nao walichukua muda wao, kura Mei 2019, hukumu ya kufuta ushindi wa Rais Mutharika Februari 2020, fomu za matokeo zilizopakwa Tipp-Ex (ile dawa nyeupe ya kufutia maandishi) zikachambuliwa vizuri, lakini miezi yote hiyo Mutharika yuko kitini anatawala. Mimi ningeweka siku 60, na asiapishwe mtu mpaka hukumu isomwe.