Kadi za Wagonjwa wa Jeshi la Muungano: Safari ya Frederick na Washington

Asubuhi ya Jumamosi tulitoka Silver Spring kuelekea Frederick, jimbo la Maryland, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Shemeji ndiye aliyeshika usukani, dada alibaki na watoto. Njiani akaniuliza, "Shemeji, watu wote wakija huku wanaanzia Ikulu. Wewe kwa nini makumbusho ya hospitali?" Nikamwambia kwamba mimi ni tabibu, na kila mwisho wa mwezi ninakaa na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, nikijumlisha: malaria wangapi, kuhara wangapi, walio chini ya miaka mitano wangapi. Nilikuwa nimesoma kwamba jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Washington iliyopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, lilifanya kazi hiyohiyo mahemani, kwa kalamu ya kuchovya wino. Nilitaka kuziona karatasi zenyewe na kujua ziliwafaa nini wale walioandikwa humo.

Frederick ni mji wa matofali mekundu na minara ya makanisa. Tarehe 17 Septemba 1862 majeshi mawili yalipambana Antietam, magharibi ya hapo, na siku ile moja waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea wa pande zote mbili walifika kama 23,000. Majeruhi waliletwa Frederick kwa mikokoteni, makanisa na shule zikageuka wodi. Jengo la makumbusho, National Museum of Civil War Medicine, liko mtaa wa East Patrick. Baada ya mapigano hayo, humo ndimo maiti zilimotiwa dawa ili ziweze kusafirishwa makwao.

Misumeno ya kukatia miguu ipo, na wageni wengi huiendea moja kwa moja. Mhudumu aliyetutembeza alitaka jambo moja tulielewe mapema: operesheni nyingi sana zilifanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa klorofomu au etha, na simulizi za watu kuuma risasi kwa maumivu zimetiwa chumvi mno. Lakini mimi nilivutwa na chumba cha magonjwa ya kambini. Kwa hesabu za Muungano wenyewe, wanajeshi wao waliokufa walikuwa zaidi ya 360,000. Waliouawa vitani au kufa kwa majeraha ni kama 110,000, ilhali magonjwa yaliondoka na zaidi ya 220,000. Wengi walikuwa vijana wa mashambani waliokuwa hawajawahi kuugua surua. Wakakusanywa maelfu kwa maelfu mahali pamoja, wakachimba vyoo juu ya mto uleule waliochota maji ya kunywa. Visa vya kuhara na kuhara damu vilivyoandikwa vilipita milioni 1.5, na waliokufa kwavyo walizidi 40,000. Homa za malaria zilipita visa milioni 1. Mtu mmoja aliweza kuandikwa mara nne, mara tano, kila aliporudi kwa daktari.

Ninavyojua mimi, rejesta haiji yenyewe, lazima kuwe na mtu anayeijaza akiwa amechoka. Kila asubuhi tarumbeta ya wagonjwa ilipigwa, waliojisikia vibaya wakajipanga mbele ya hema la daktari wa kikosi. Daktari aliangalia ulimi, akashika mshipa wa mkono, akaamua: huyu alazwe, huyu apumzike hemani, huyu kazi nyepesi, huyu arudi kazini. Msaidizi wake wa dawa akaandika jina, cheo, kombania, ugonjwa na tarehe. Hospitali kubwa za mijini ziliweka pia kadi kwenye kila kitanda. Mwisho wa mwezi kila kikosi kilituma jumla yake Washington, kwa Daktari Mkuu wa Jeshi.

Aliyeipa kazi hiyo uzito ni William Hammond, aliyeshika cheo hicho Aprili 1862. Mwezi uliofuata aliwaagiza madaktari watume Washington vielelezo na maelezo ya wagonjwa wao, akianzisha makumbusho ya tiba ya jeshi. Mwaka 1863, taarifa zilizomfikia zilimwonyesha kwamba madaktari wanawamiminia askari kalomeli kupita kiasi. Hiyo ni dawa ya zebaki, iliyowaozesha watu ufizi na kuwang'oa meno. Hammond akaiondoa kwenye orodha ya dawa za jeshi. Madaktari wengi walimjia juu, na Agosti 1864, baada ya mahakama ya kijeshi, alifukuzwa kazi. Kwangu mimi ule ni mfano bora wa taarifa kufanya kazi iliyokusudiwa: mtu alisoma ripoti, akaona wagonjwa wanaumizwa na dawa, akaizuia.

Jambo lililonigusa zaidi humo ni ugonjwa ulioingizwa kwenye fomu za jeshi vita vikiendelea: homa ya "taifo-malaria". Aliyeiweka ni Joseph Janvier Woodward, daktari aliyekabidhiwa takwimu za magonjwa. Aliona homa zenye dalili za homa ya matumbo na za malaria kwa pamoja, akazipa safu yake. Kimelea cha malaria kilikuja kuonekana mwaka 1880, na kijidudu cha taifodi mwaka huohuo, kwa hiyo Woodward alikuwa anapanga homa kwa macho na kwa kipimajoto tu, tena vipimajoto vyenyewe vilikuwa adimu. Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza wagonjwa wangu. Ni wangapi nyumbani wanatoka maabara za mitaani na cheti kilichoandikwa "malaria na taifodi", wakanunua dawa za yote mawili? Sisi tuna kipimo cha haraka cha malaria kwenye droo, na bado safu ile ya Woodward tunaendelea kuijaza.

Mchana tulivuka vilima vya South Mountain hadi Antietam. Katika nyumba ya matofali ya familia ya Pry, iliyokuwa makao ya jemadari McClellan wa jeshi la Muungano, wanaeleza jinsi daktari Jonathan Letterman alivyopanga magari ya wagonjwa, vituo vya huduma ya kwanza na hospitali za nyuma, utaratibu ambao majeshi mengine yaliuiga. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, hatukukaa.

Washington nilizunguka peke yangu kwa treni za chini ya ardhi. Nilianzia mtaa wa Saba, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lilitaka kuvunjwa. Mwaka 1996 mfanyakazi wa serikali aliyepewa kazi ya kulikagua alikuta darini barua, nguo na kibao cha ofisi. Ilikuwa ofisi ya Clara Barton, mwanamke aliyewauguza majeruhi wakati wa vita na baadaye akaanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani. Kuanzia 1865 hadi 1868 yeye na wasaidizi wake walijibu barua zaidi ya 60,000 za watu waliouliza mtoto wangu yuko wapi, mume wangu amekufa au yu hai. Waliweza kupata habari za wanajeshi kama 22,000. Vyumba ni vidogo, sakafu ya mbao inalia ukikanyaga, na karatasi za ukutani zimerudishwa zilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipokutana na habari za Dorence Atwater, kijana wa Connecticut aliyekuwa mfungwa katika kambi ya Andersonville, Georgia, mwaka 1864. Kambi hiyo ya Shirikisho la Kusini ilipitisha wafungwa kama 45,000, na karibu 13,000 walikufa, wengi kwa kuhara, kuhara damu na kiseyeye. Atwater alipewa kazi ya ukarani: kuandika rejesta ya vifo. Kila maiti ilipewa namba, na rejestani namba hiyo ikaandikwa pamoja na jina, kikosi, ugonjwa na tarehe. Maiti zikazikwa kwa kufuatana, bega kwa bega, kila moja na mti wenye namba yake. Kijana akahofia kwamba rejesta ile haitawafikia ndugu wa marehemu. Kwa siri akainakili yote, akaificha nakala ndani ya bitana la koti lake, akatoka nayo. Majira ya joto ya 1865 alirudi Andersonville pamoja na Barton na mafundi, wakalinganisha namba za miti na orodha, wakaweka vibao vya majina. Kati ya makaburi yale yote ni kama 460 tu yaliyobaki bila jina. Kisha jeshi likamshtaki Atwater huyohuyo kwa wizi wa orodha, akafungwa. Mwaka 1866 orodha ilichapishwa, kila familia ikasoma. Sijui karani gani wa hospitali, popote duniani, aliyewatendea wafu wake haki kubwa kuliko hiyo.

Kutoka pale hadi ukumbi wa maonyesho wa Ford ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Watalii wanaujua kwa kuuawa kwa Rais Lincoln, Aprili 1865. Wachache wanajua kwamba serikali iliuchukua, ikaujaza rejesta za hospitali za vita na makumbusho yale ya Hammond, na kwamba Woodward na wenzake waliandikia hesabu zao humo. Kitabu chao kikubwa cha historia ya tiba na upasuaji wa vita kilitoka kwa juzuu sita, kati ya 1870 na 1888. Baadaye makarani waliwekwa humo kunakili rejesta kwenye kadi, jina moja baada ya jingine, ili madai ya pensheni yaweze kukaguliwa. Tarehe 9 Juni 1893, mafundi wakichimba chini ya jengo, sakafu ziliporomoka na makarani 22 wakafa. Walikuwa kazini, kalamu mkononi, miaka 28 baada ya vita kwisha. Ninawahesabu miongoni mwa waliokufa kwa ajili ya vita hivyo.

Kadi zao ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ukifika unapigwa picha na kupewa kitambulisho cha msomaji, mkoba unafungiwa kabatini, unaruhusiwa penseli tu. Kadi za wagonjwa zimepangwa kwa jimbo, kisha kikosi, kisha herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Niliomba za kikosi kimojawapo cha wanajeshi weusi, kwa sababu nilishaona katika juzuu zile kwamba hesabu zao zilitengwa na za weupe. Waafrika-Wamarekani kama 180,000 waliingia jeshi hilo, wengi wametoka utumwani. Waliouawa mapiganoni hawafiki 4,000. Waliokufa kwa magonjwa ni kama 30,000, karibu mmoja katika kila sita. Walipelekwa kuchimba mahandaki na kulinda ngome za mabwawani, kwa imani kwamba mtu mweusi homa haimpati. Madaktari wa kuwahudumia hawakutosha. Alexander Augusta, daktari mweusi aliyesomea Toronto, alipewa cheo cha meja mwaka 1863, na madaktari weupe waliowekwa chini yake wakamwandikia Lincoln kulalamika. Vifo vile vilisababishwa na maji machafu, kazi ngumu na upungufu wa dawa, lakini vitabu vya baadaye vilivitumia kudai kwamba mwili wa mtu mweusi ni dhaifu kwa asili. Takwimu sahihi zilitiwa uongo mdomoni, na hilo linaniuma kuliko uchafu wote wa kambini.

Kadi yenyewe inatosha kiganjani. Jina, cheo, kombania. Ugonjwa: kuhara sugu. Siku ya kulazwa, siku ya kurudi kazini, jina la hospitali, namba ya rejesta na ukurasa. Mwandiko ni mzuri ajabu. Nilipofungua faili za pensheni ndipo nilipoona kadi ile ilivyokuwa na uzito. Kwa sheria ya 1862, mjane wa askari wa kawaida alistahili dola 8 kwa mwezi, mradi athibitishe ndoa na kwamba mume alikufa kwa jambo lililotokana na utumishi. Ofisi ya pensheni ilituma swali, ofisi ya kumbukumbu ikatafuta kadi. Kadi ikiwepo, dai lilisonga. Isipokuwepo, jibu lilikuwa sentensi moja tu: hakuna kumbukumbu za matibabu yake.

Na zilikosekana mara nyingi kwa wanajeshi weusi, waliougua na kufia kwenye vikosi visivyo na daktari wa kuandika. Ndoa za utumwani nazo hazikuwa na cheti. Sheria ya 1864 ikakubali mashahidi, na faili zimejaa sauti zao: mkunga anayetaja mtoto alizaliwa msimu gani wa kuvuna, mwenzake wa hema moja anayeapa kwamba alimwona marehemu akiendeshwa damu wakati wa kuchimba handaki, akambeba hadi hospitali. Mashahidi wengi hawakujua kuandika, wameweka alama ya msalaba badala ya sahihi. Mkaguzi wa serikali alirudi mara ya pili na ya tatu kuwahoji maswali yaleyale, kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuna mtu aliyeuandika asubuhi ile kambini.

Nilimuuliza mtunza nyaraka kama kuna njia ya kutafuta kwa ugonjwa, ili niwakusanye wa homa ya "taifo-malaria" wote mahali pamoja. Akasema hakuna, ni kikosi na jina tu. Nikachukua fomu nyingine nikaomba kikosi kilekile, herufi inayofuata.