Kustaafu kwa hiari: hesabu nilizopiga kabla ya kuandika barua

Mwaka 2023 taasisi niliyokuwa mhasibu wake hapa Dodoma ilikuwa inapanga upya idara zake, na sisi tuliofikisha miaka 55 tukaambiwa kwa upole kwamba anayetaka kustaafu kwa hiari, njia nyeupe. Hakuna aliyelazimishwa, kwa lazima ni 60. Lakini maneno ya korido yakaanza. Kila mtu alikuwa na ushauri, na wote ulihusu mkupuo, yaani fedha za pensheni zinazolipwa mara moja unapostaafu: nunua kiwanja Nala, jenga vyumba upangishe watumishi wanaohamia, ingiza bajaji mbili barabarani. Sikusikia hata mmoja akiuliza kila mwezi nitakula nini.

Mimi nilianzia hapo. Kikotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya pensheni, kilichoanza Julai 2022 kilikuwa hivi: miezi ya utumishi gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka kwa ile miaka mitatu bora, yenye mshahara mkubwa zaidi, ndani ya kumi ya mwisho. Unachopata ni pensheni ya mwaka. Asilimia 67 yake inagawanywa kwa miezi 12, hiyo ndiyo pensheni ya kila mwezi. Asilimia 33 inazidishwa kwa 12.5, huo ndio mkupuo. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi aliyetumikia miezi 360. Mkupuo unakuja kama milioni 36.9, na kila mwezi kama 499,000. Akisubiri hadi 60 kwa mshahara uleule, anapata milioni 43 na pensheni ya 582,000. (Bajeti ya 2024/25 ilipandisha asilimia ya mkupuo, kwa hiyo piga na asilimia zako.)

Nilimwonyesha mke wangu.

"Yaani miaka mitano mizima inaongeza elfu themanini na kitu kwa mwezi?"

"Na mshahara wa miaka hiyo, Mama Neema."

"Mshahara upi, baba? Huo unaoishia kwenye marejesho ya benki?"

Hapo alinibana vizuri. Mkopo ulikuwa ukiisha mapema 2024, na sikutaka kwenda nyumbani na deni linalodai mkupuo.

Kilichopanga tarehe hasa, hata hivyo, ni ile miaka mitatu bora. Nilipanda daraja 2021. Kuondoka 2023 kungeingiza mshahara wa zamani kwenye wastani, na wastani huo utanifuata hadi kaburini. Nikaandika barua ya kusudio miezi sita kabla, kama utaratibu unavyotaka, lakini tarehe nikaisogeza hadi miaka mitatu itimie. Afisa utumishi akaisoma, akacheka: "Mzee wangu, wewe hujakisia kitu."

Kazi ya baadaye niliijaribu nikiwa bado na mshahara. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na likizo yangu niliiweka kwenye mavuno ya mwanzo wa mwaka, nikaenda kujitolea kwenye AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, upande wa Mpunguzi. Kreti zinashushwa kwenye pikipiki, karani anapima, anaandika kilo kwenye kaunta buku lililolowa juisi, na mkulima anasimama juu ya bega lake. Mzani ukisoma 21, uzito wa kreti tupu umetolewa au haujatolewa? Ugomvi wote wa malipo ulikuwa hapo. Nikawachorea safu tatu: uzito wote, kreti, zabibu zenyewe, na mkulima anaweka sahihi palepale. Zabibu haisubiri, isiponunuliwa upesi inakamuliwa mchuzi, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, na hesabu inabadilika, kwa hiyo nao nikaufungulia ukurasa wake. COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, walipokuja kukagua, katibu alinipigia simu mwenyewe kunieleza.

Baada ya kustaafu wakanipa mkataba wa msimu, na chama cha jirani kikafuata. Si hela nyingi. Inajaza pengo kati ya pensheni na matumizi yetu, ambalo tulishalipima kwa kuishi miezi kadhaa kwa kiwango cha pensheni kabla sijaondoka. Mkupuo tumeumalizia nyumba ya kuishi na kinachobaki kipo kwenye hatifungani za Serikali. Bajaji sikununua, maana sijui kumsimamia dereva.

Sasa wananitaka niwafundishe vijana wawili kuingiza mauzo kwenye kompyuta kabla ya mavuno ya Agosti. Nimekubali, ila Ijumaa siendi.