Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya kocha wa safu ya mbele, futiboli ya Kimarekani

Saa 11 alfajiri. Jumanne wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, hupumzika. Leo wanarudi, na mpango wa mechi ya Jumapili lazima uwe mezani kabla hawajafika. Nafungua video ya kamera iliyo nyuma ya goli, maana ile ya pembeni haionyeshi mianya kati ya mtu na mtu. Naanza na vijana wangu watano wanaomkinga kwotabeki, mrushaji wetu wa mpira: senta anayeutoa mpira, gadi wawili kando yake, na wawili wa pembeni. Natazama mkono uliogusa nyasi. Vidole vikizama, tutakimbia na mpira. Vikigusa juu juu tu, tutarusha. Nikiiona mimi, kocha wa wapinzani kaiona pia, kwa hiyo irekebishwe leo leo.

Saa 2 asubuhi, kikao. Kabla ya kuutoa mpira, senta anamnyooshea kidole lainibeka mmoja, yaani mlinzi wa wapinzani anayesimama nyuma ya safu yao ya mbele, tunamwita Maiki, na wote watano wanagawana wapinzani kwa kuhesabu kuanzia kwake. Hesabu ikipotea kwa mtu mmoja, wote wanahama kwa mmoja, na kuna mpinzani atakayemfikia kwotabeki bila kuguswa. Wengi tunaofundisha nafasi hii tuliicheza, kama Mike Munchak, gadi wa Houston Oilers tangu 1982 hadi 1993, ambaye baadaye akawa kocha wa safu. Macho ya shabiki hufuata mpira. Kosa letu hutokea mahali ambapo mpira umeshaondoka.

Saa 5, tunapitia mipango kwa kutembea, bila kugusana.

Saa 7 mchana, mazoezi. Mkataba wa ligi na wachezaji unaruhusu mazoezi 14 tu ya vifaa kamili katika msimu wa kawaida, hivyo siku nyingi hatugongani sawasawa. Tunafanya kazi ya miguu. Kwa mtu wa pembeni kushoto: mguu wa nje unarudi nyuma, wa ndani unaufuata kwa kuburuzika, magoti yamekunjwa, kifua kimeinuka. Miguu isikutane kamwe. Visigino vikigongana amesimama kama nguzo, na anayemjia anamsukuma kwa mkono mmoja tu. Tunalaza ubao chini, mguu mmoja kila upande, akiukanyaga, anarudia. Kosa la pili ni kugeuza nyonga mapema kama mlango unaofunguliwa: njia ya ndani inabaki wazi, na ndiyo fupi zaidi kumfikia kwotabeki.

Mikono inafuata miguu. Vidole gumba juu, viwiko karibu na mbavu, viganja kifuani mwa mpinzani. Mikono ikitoka nje ya mabega yake, mwamuzi anaona jezi inavyovutika, na kushika kunatugharimu yadi 10. Anayeshika hivyo mara nyingi alikuwa ameshachelewa kwa miguu. Mwambie arekebishe mikono peke yake na Jumapili atashika tena.

Muda mrefu zaidi nautumia kwenye mbinu ya kupishana: mpinzani wa ndani anamvamia mtu wetu wa pembeni, na mwenzake wa nje anazunguka nyuma yake kuja ndani. Gadi na mtu wa pembeni wanapaswa kuwa kina kimoja. Mmoja akiwa mbele hata kwa nusu yadi, miguu yao inagongana wakati wa kubadilishana, na hapo mlango ni wazi. Gadi anamsukuma wa ndani kwa bega mpaka mwenzake ampokee, kisha anarudisha macho haraka, asimfuate.

Saa 10 jioni, spika za kelele. Ugenini hakuna anayesikia sauti ya kwotabeki. Gadi anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, wote wanahesabu moja, mpira unatoka. Anayetangulia kutikisika anatupotezea yadi 5.

Saa 3 usiku nimeikagua video ya mazoezi mara mbili. Kwenye kadi ya gadi wa kulia naandika: kina, nusu yadi.