Siku niliyoingia kwa magoti kwenye vichaka vya Itigi

Nimepita Itigi mara nyingi mno, kwa basi na kwa treni, nikitoka Dodoma kwenda Tabora kwa mama. Kila mara nilivuta pazia nikalala, maana nje niliona pori tu. Desemba iliyopita nilishuka.

Mwenyeji wangu ni mzee mfugaji nyuki ambaye nimekuwa nikinunua asali yake. Tulichukua kibali, tukatoka alfajiri. "Mjukuu wangu, humu hauingii umesimama," akasema, akainama. Nikafuata kwa magoti. Vichaka vyenyewe havizidi sana mita tano kwenda juu, lakini mashina yanatoka ardhini mafungu mafungu, kisha matawi yanasokotana hadi jua linabaki madoa. Hatua ishirini tu, barabara sikuiona tena.

Mzee akachota udongo kiganjani. Mvua ilikuwa imenyesha, ukabonyea kama unga wa dona. Kiangazi, akasema, udongo huu huu unakuwa saruji, jembe linaruka. Vichaka vya namna hii vipo huku kwetu na kule kaskazini mwa Zambia, basi.

Kilichonishika ni ua la mti mmoja uitwao kitaalamu Bussea massaiensis. La njano, petali zimekunjamana kama kitenge kilichokamuliwa na kusahaulika beseni. Chini yake kulikuwa na ganda kuukuu la mbegu, gumu kama ubao, limepasuka na kujikunja. Ninalo mezani ninapoandika. Mmea mwingine wa vichaka hivi, Burttia prunoides, umebeba jina la Burtt, mtaalamu wa mimea aliyezunguka sana Tanganyika hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Nilikaa nikimfikiria akipenya humu humu na daftari lake.

Tuliporudi barabarani tulikuta magunia ya mkaa yamepangwa. Mzee hakusema kitu mpaka tukayapita. "Ukikata kwa shoka, kinachipua. Wakija kung'oa visiki walime, ndiyo basi." Na nyuki wake wanategemea maua yale. Iliniuma, nami nimekuwa nikipikia mkaa miaka yote bila kuuliza umetoka wapi.

Nilinunua lita tano za asali. Ameniambia nirudi Septemba, majani yakishapukutika, nione vichaka vikiwa vitupu. Nije na shati la mikono mirefu.