Siku Tulipopima Njia Yetu Nyalenda

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa kikundi kimoja cha maji katika Nyalenda B, mjini Kisumu, upande wa kuteremkia Dunga, na kila mwezi nilizunguka boma baada ya boma nikisoma mita. Kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, ilituuzia maji kwa jumla kupitia mita moja kubwa, nasi tukayasambaza majumbani, tukakusanya malipo na kuziba mabomba yaliyopasuka. Kwa hiyo nilizijua njia za mtaa wetu, na nilijua kwamba nyingi hazikuwa njia hasa bali nafasi zilizosalia kati ya ua na ua. Bomba lilipita humo, maji ya mvua yalipita humo, na mgonjwa akizidiwa usiku alibebwa humo humo kwa mkokoteni.

Mgeni aliweza kudhani kwamba mtaa wa namna hiyo umejengwa juu ya ardhi ya serikali. Nyalenda haikuwa hivyo. Mipaka ya mji ilipopanuliwa baada ya uhuru, iliyaingiza ndani maboma ya Waluo waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo tangu zamani, na familia hizo zikabaki na ardhi yao, zikajenga nyumba za kupangisha. Barabara yoyote ilibidi ipite kwenye kiwanja cha mtu, na pengine kando ya kaburi la mzazi wake.

Miaka miwili kabla, serikali ikishirikiana na Benki ya Dunia, Sweden na Ufaransa ilikuwa imeanzisha mradi wa KISIP wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, na mazungumzo ya barabara, mitaro na taa ndefu yalikuwa yamejaa Nyalenda, Manyatta na Obunga. Kamati yetu ya wakazi iliamua kutongoja. Tuliona kwamba maji, mtaro, taa na gari la kunyonya vyoo vyote vilihitaji kitu kimoja kwanza, nacho ni nafasi, na kwamba nafasi hiyo hakuna mtu wa nje ambaye angeweza kutupatia.

Tulikutana Jumamosi asubuhi, mzee wa mtaa akiwa na kamba, vijana wakiwa na vigingi, nami nikiwa na daftari ambamo kila mwenye kiwanja angeandikiwa futi alizokubali kuachia na kutia sahihi au kidole gumba. Maboma ya mwanzo yalikwenda upesi kuliko nilivyotarajia. Kisha tukafika kwa bibi mmoja mjane, ambaye alisimama mbele ya ua wake wa mnyaa na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, hapo ndipo alipolala baba wa watoto wangu. Kigingi chako utakisimamisha wapi?"

Mzee wa mtaa alivua kofia. "Dani," alisema, yaani bibi kwa Kijaluo, "mzee hatasumbuliwa. Njia ndiyo itakayompisha."

Lakini njia haiwezi kumpisha mtu bila kumwingilia mwingine, na jirani wa upande wa pili alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi hakusalimiana na boma lile kwa sababu ya ugomvi wa mpaka. Sote tulimtazama. Aliiangalia kamba kwa muda mrefu, akamwambia kijana ang'oe kigingi na kukisogeza ndani ya kiwanja chake mwenyewe, kisha akaja kwenye daftari na kutia sahihi bila kusema neno. Nimehudhuria mikutano mingi ya maendeleo tangu siku hiyo, na sijaona mchango ulionigusa kuliko futi zile.

Tulipokuwa tukimalizia, mama mmoja mpangaji kutoka Vihiga, aliyekuwa akiuza mandazi pale njiani, aliomba nafasi ya kusema.

"Wazee wangu, njia ikipanuka na maji yakifika mlangoni, kodi nayo itabaki pale ilipo?"

Mwenye nyumba mmoja akamjibu kwamba hayo wangeelewana kama majirani. Nilisema kwamba jambo hilo liandikwe kama futi zilivyoandikwa, kwa maana zaidi ya nusu ya watu waliosimama pale walikuwa wapangaji, lakini kamati iliamua lisubiri.

Yaliyoandikwa yalitekelezwa. Nyua zilisogezwa, tukalihamisha bomba hadi ukingoni ambako lingeweza kufikiwa bila kubomoa ukuta wa mtu, vijana wakachimba mtaro, na kwa mara ya kwanza gari la kunyonya vyoo likafika hadi maboma ya mwisho. Kodi ikapanda. Mama wa mandazi alihamia Obunga pamoja na watoto wake kabla ya kuufaidi mtaro ambao yeye mwenyewe alikuwa amechanga pesa uchimbwe, na hilo liliniuma sana, kwa sababu mtaa uliokuwa ukiboreshwa ulikuwa wake pia.

Njia ya pili ilipofika zamu yake ya kupimwa, wapangaji walifika wakiwa wengi, na hawakukubali kamba ikunjuliwe mpaka ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe kwamba kodi haitapandishwa kwa miaka miwili baada ya maji kufika. Ubishi uliendelea hadi jua kali la mchana. Wenye nyumba wote walitia sahihi isipokuwa wawili, na kwa hao wawili tuliacha kupima siku hiyo.