Nilipoacha Kusema Ajira, Nikasema Vugo

Kazi yangu ni utetezi wa sanaa hapa Mombasa. Yaani naingia afisi za watu kuomba ukumbi, kibali, fedha kidogo. Kwa miaka mingi hoja zangu zilikuwa zile zile: sanaa inaleta ajira, inavuta watalii, inawaepusha vijana na mihadarati. Ni kweli zote. Ila anayeomba uwanja wa mpira anazo pia, na yeye ana mchoro wa kuonyesha.

Mimi mwenyewe sanaa sikuijua kwa ajira, niliijua kwa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Marehemu mamangu alikuwa mpiga pembe. Siku za harusi wanawake walitoka usiku wakipita mitaani, pembe ya nyati mkono huu, kijiti mkono huu, wakiimba. Humo alisemwa mume mchoyo, wifi mchokozi, jirani aliyeazima sufuria asirudishe. Jina halikutajwa, na kila mtu alijijua. Mamangu, ambaye mbele ya wakwe hakuinua sauti, kwenye vugo alisema yote, na asubuhi hakuna aliyemuuliza. Kuna wanaoiita hiyo burudani tu. Haya, hata mahakamani kuna wanaokwenda kuburudika.

Tulikuwa tunataka ukumbi wa kijamii wa wadi yetu ufunguliwe jioni, vikundi vya ngoma vifanye mazoezi bila malipo. Kwanza tulibadilisha wakati wa kuomba. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na hapo mengi yameshaamuliwa. Waraka wa mikakati ya fedha, unaopanga vipaumbele vya matumizi ya kaunti, unatangulia, Februari. Tukaenda mapema, tukiwa na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linaloziachia kaunti shughuli za utamaduni. Kwa hivyo hatukuwa tunaomba hisani.

Siku ya kikao cha ushiriki wa umma nikapewa dakika chache. Karatasi ya ajira niliikunja, nikaeleza habari za mamangu. Kina mama waliokuja kudai maji wakaanza kucheka, mmoja akaimba kipande, na mbele ya maafisa akamsema aliyewakatia mfereji bila kumtaja jina! Nisingeweza kueleza vizuri kuliko vile. Mwakilishi wadi akauliza, "Ufunguo mnautaka saa ngapi?"

Tumepewa jioni za Jumatatu na Alhamisi. Umeme tunachanga wenyewe, na bado tunabishana na mlinzi kuhusu saa ya kufunga.

Kinachotusumbua sasa ni pembe. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na hizi za nyati tulizonazo ni za kurithi. Wenyewe hawaziachi mkononi. Wasichana wanajifunzia za ng'ombe. Bi mkubwa wa kikundi anasema zinalia kama debe, lakini hajakosa mazoezi hata mara moja.